Binti wa Kikongo na Ngazi ya Tenisi

Usiku wa Alhamisi, tarehe 7 Agosti mwaka 2025, umati uliofurika katika uwanja mkuu wa tenisi wa mji wa Montreal, nchini Kanada, ulisimama wote kumshangilia msichana wa miaka 18. Msichana huyo, Victoria Mboko, alikuwa amemshinda Naomi Osaka wa Japani kwa seti mbili kwa moja, 2-6, 6-4, 6-1, na kuutwaa ubingwa wa wanawake katika mashindano ya wazi ya Kanada. Tangu tenisi ya kulipwa ilipofunguliwa milango katika mashindano makubwa mwaka 1968, Wakanada waliopata kuutwaa ubingwa huo nyumbani kwao walikuwa wawili tu kabla yake: Faye Urban mwaka 1969, na Bianca Andreescu mwaka 2019.

Katika nchi zinazoyazunguka Maziwa Makuu, jina lenyewe la Mboko latosha kumfanya msikilizaji ategee sikio. Ni jina la Kikongo. Wazazi wa Victoria waliihama Kinshasa mwaka 1999, na mwaka huo hauhitaji maelezo marefu kwa watu wa eneo hili. Mobutu alikuwa ameangushwa mwezi Mei 1997. Mwezi Agosti 1998 vita ya pili ilizuka mashariki, huko Goma na Bukavu, na kabla mwezi huo haujamalizika, waasi na askari waliosafirishwa kwa ndege hadi magharibi ya nchi walikuwa wamelishika bwawa la Inga, wakaikatia Kinshasa umeme, na kuyafikia mapigano hadi vitongoji vya mji mkuu. Mwaka uliofuata majeshi ya nchi kadhaa za Afrika yalikuwa yakipigana juu ya ardhi ya Kongo. Hiyo ndiyo hali waliyoikimbia maelfu ya watu, baadhi yao kwa miguu hadi makambi ya wakimbizi katika nchi jirani, na wachache waliobahatika hadi ng'ambo ya bahari.

Victoria mwenyewe alizaliwa Charlotte, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, tarehe 26 Agosti 2006, akakulia katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Ni kitinda mimba wa watoto wanne. Ndugu zake wakubwa walikuwa wakicheza tenisi, naye, kama ilivyo desturi ya vitinda mimba popote duniani, aliwafuata nyuma mpaka naye akapewa raketi.

Ndugu wasikilizaji, kumsifu bingwa ni kazi nyepesi, nayo imekwisha kufanywa na wengi. Jambo lililo gumu zaidi ni kuuliza amepandaje, na ni mikono ya nani iliyoishika ngazi wakati akipanda.

Mtu asiyeufuata mchezo huu aghalabu hudhani kwamba bingwa wa tenisi huzuka kama uyoga baada ya mvua. Sivyo. Tenisi ya kulipwa ina vidato vingi, na mchezaji haruhusiwi kuruka kidato kwa sababu tu ana kipaji. Chama cha wachezaji wanawake, kijulikanacho kwa herufi WTA, huwa na orodha ya ubora inayohesabiwa kwa pointi za majuma 52 yaliyopita. Pointi za ushindi wa leo hufutika juma kama hili mwakani, na mchezaji asipozirudisha huporomoka. Aliye chini katika orodha hiyo hawezi kuingia katika mashindano makubwa. Itampasa aanzie katika mashindano madogo ya shirikisho la tenisi la kimataifa, yanayochezwa katika miji ambayo majina yake hayatajwi katika taarifa za habari.

Na mashindano hayo madogo si mahali pa kutajirikia. Katika daraja moja kati ya hayo, mwaka 2025, zawadi zote kwa jumla zilikuwa dola 30,000 za Marekani. Fedha hizo hugawanywa kwa wachezaji wote, kuanzia bingwa hadi yule aliyetolewa siku ya kwanza. Mchezaji hujilipia nauli, malazi na chakula, na iwapo ana kocha, humlipia na kocha. Anayetolewa mapema huondoka na kiasi kisichofidia hata nauli ya ndege, naye juma lijalo yampasa awe katika nchi nyingine kuanza upya. Kwa maneno mengine, mchezo huu humtaka kijana atumie fedha kwa miaka kadhaa kabla haujaanza kumlipa. Wengi wenye mikono mizuri huishia hapo, pasipo mtu yeyote kuyajua majina yao.

Victoria Mboko aliuanza mwaka 2025 akiwa wa 333 katika orodha ya dunia. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa imemwendea vibaya kwa maumivu ya goti, na mtoto aliyekuwa akitajwa miongoni mwa wasichana bora wa rika lake alikuwa ameachwa nyuma na wenzake. Mwezi Januari alikwenda katika visiwa vya Martinique na Guadeloupe, katika Bahari ya Karibi, kucheza mashindano ya daraja hilo la chini. Alishinda yote mawili. Akaenda katika mji mdogo uitwao Rome, jimbo la Georgia nchini Marekani, akashinda. Akavuka bahari hadi Manchester, Uingereza, akashinda tena. Alicheza michezo 22 tangu mwaka uanze bila kupoteza hata seti moja. Kabla mwezi Machi haujamalizika alikuwa ameongeza ubingwa wa tano katika mji wa Porto, nchini Ureno.

Hapo ndipo wakubwa walipoanza kuuliza habari zake. Katika mashindano ya Miami, mwezi huo wa Machi, alipewa nafasi ya upendeleo, akashinda mchezo wake wa kwanza katika uwanja wa wakubwa, kisha akafungwa na Paula Badosa wa Uhispania kwa pointi chache za kuamua seti ya tatu. Mwezi Mei, katika Roma ya Italia, alipita kwenye mchujo na kukutana na Coco Gauff wa Marekani. Alimnyang'anya Gauff seti ya kwanza kwa 6-3 kabla ya kuzidiwa katika mbili zilizofuata. Huko Paris, katika mashindano ya Ufaransa, alipita tena kwenye mchujo na kufika raundi ya tatu, ambako alitolewa na Zheng Qinwen wa China, bingwa wa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024. Wimbledon alishindwa katika mchujo, lakini mchezaji mmoja alipojitoa yeye akaitwa kujaza pengo. Akaitumia bahati hiyo kumtoa Magdalena Fręch wa Poland. Yafaa ieleweke kwamba hii haikuwa safari ya ushindi mtupu. Alifungwa mara kwa mara na waliomzidi, lakini kwa jumla alikuwa akizidi kupanda.

Sasa turudi Montreal, maana huko ndiko siri ya ngazi hii inakoonekana wazi.

Tangu mwaka 2007 Kanada ina kituo cha taifa cha mazoezi ya tenisi katika uwanja uleule ambamo Victoria alitwaa ubingwa wake. Vijana walioonyesha kipaji hukusanywa hapo kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wakapewa makocha, waganga wa viungo, shule, na wenzao wa kiwango kimoja wa kucheza nao kila siku. Victoria alipitia katika mpango huo. Kocha aliyekuwa naye katika mwaka huo wa 2025 ni Nathalie Tauziat, Mfaransa aliyefika fainali ya Wimbledon mwaka 1998, ambaye, kwa mzunguko wa ajabu wa historia, alizaliwa Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, kuvuka tu mto Ubangi kutoka Kongo.

Zaidi ya hayo, nchi inayoandaa mashindano makubwa hupewa nafasi chache za upendeleo iwagawie wachezaji wake. Mashindano ya Kanada yalipokaribia, Victoria alikuwa wa 85 duniani, na moja ya nafasi hizo akapewa yeye. Nafasi kama hiyo haimshindii mtu mchezo hata mmoja. Humfungulia mlango tu. Lakini katika tenisi wapo vijana kwa maelfu ambao mlango huo hawajapata kufunguliwa katika maisha yao yote, kwa sababu nchi zao hazina mashindano ya kuandaa, na kwa hiyo hazina nafasi ya kumgawia mtu.

Alipokwisha kufunguliwa mlango, yaliyobaki aliyafanya mwenyewe. Alimtoa Kimberly Birrell wa Australia, kisha Sofia Kenin, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa Australia mwaka 2020. Marie Bouzkova wa Cheki alimpokonya seti ya kwanza kwa 6-1, akajibu kwa 6-3 na 6-0. Ndipo akasimama tena mbele ya Gauff, aliyekuwa wa pili duniani na ambaye miezi miwili tu iliyotangulia alikuwa ametwaa ubingwa wa Ufaransa. Yule aliyemfundisha somo huko Roma mwezi Mei sasa alipigwa 6-1, 6-4, katika muda wa saa moja hivi.

Mchezo uliompima hasa ni ule wa nusu fainali, dhidi ya Elena Rybakina wa Kazakhstan. Rybakina huupiga mpira wa kuanzia kwa nguvu isiyo na mfano, naye aliimaliza seti ya kwanza kwa 6-1 kana kwamba alikuwa akifanya mazoezi. Victoria akaipata ya pili kwa 7-5. Katika seti ya tatu alianguka, akaumia kifundo cha mkono, na Rybakina akafikia mahali ambapo pointi moja tu ilitosha kuumaliza mchezo. Pointi hiyo hakuipata. Victoria aliirudisha hali sawa, seti ikaenda katika pointi za kuamua, na mwisho wake ukawa 1-6, 7-5, 7-6. Siku iliyofuata, mkono ukiwa bado na maumivu, aliingia kucheza fainali na Osaka, na matokeo yake yamekwisha kutajwa. Kenin, Gauff, Rybakina na Osaka ni mabingwa wanne wa yale mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi. Aliwaangusha wote katika shindano moja. Alizawadiwa dola 752,275, na katika orodha ya dunia akapanda mara moja kutoka nafasi ya 85 hadi ya 24.

Baada ya ushindi kama huo ni kawaida kusikia sauti zikisema kwamba huu ni ushindi wa Kongo, na wengine wakazidisha na kusema ni ushindi wa Afrika. Wakongo wana haki ya kufurahi. Damu haifutwi na pasipoti. Ila furaha isije ikaficha hesabu. Kiwanja alichojifunzia kililimwa na Kanada, kocha alilipwa kwa fedha ya huko, na mlango wa Montreal ulifunguliwa kwa ufunguo wa Kanada. Kongo, katika mwaka ule wa 1999, ilichowapa wazazi wake ni sababu ya kuondoka.

Ipo picha moja inayolieleza jambo hili vizuri kuliko maneno mengi. Mwezi Julai 2022, katika Wimbledon, ilichezwa fainali ya wasichana wa chini ya miaka 18, wawili kwa wawili. Upande mmoja wa wavu alikuwapo Victoria Mboko, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 16, pamoja na Mkanada mwenzake Kayla Cross. Upande wa pili alikuwapo Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na pamoja naye msichana kutoka Nairobi, Angella Okutoyi wa Kenya. Walioshinda ni Okutoyi na Nijkamp, 3-6, 6-4, na pointi 11 kwa 9 katika gemu ya kuamua. Kwa ushindi huo Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kupata ubingwa katika moja ya mashindano manne makubwa.

Historia ya Okutoyi yajulikana sana nchini Kenya. Yeye na pacha wake walilelewa na bibi yao, kwa kuwa mama yao alifariki wakati wa kuwazaa. Bibi alikuwa akifanya kazi ya usafi katika shule moja ya Nairobi, na ni katika viwanja vya tenisi vya shuleni ndiko watoto hao walikoanza kupiga mpira. Shirikisho la kimataifa lilimsaidia kwa mfuko wake wa kuwaendeleza vijana, naye akaonyesha kwamba msaada huo haukupotea. Mwezi Januari 2022, huko Melbourne, alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda mchezo katika mashindano makubwa ya vijana, na akafika raundi ya tatu.

Basi siku ile ya Julai wasichana wawili walitazamana juu ya wavu mmoja, tofauti kati yao ikiwa ni pointi mbili, na pointi hizo zilikuwa mikononi mwa Mkenya. Miaka mitatu baadaye mmoja wao alikuwa bingwa wa Montreal. Mwingine hakuwa amelala: mwezi Machi 2024, katika Michezo ya Afrika mjini Accra, Okutoyi aliipatia Kenya medali ya dhahabu, na alikuwa amejiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, kusoma na kukichezea chuo hicho. Hiyo ni njia ya heshima, na wapo mabingwa waliopitia vyuoni. Lakini ni vigumu kutoona kwamba yule aliyeshinda fainali ile, ili aendelee na mchezo, ilimlazimu atafute nafasi katika chuo cha nchi ya kigeni, hali yule aliyeshindwa alirudi nyumbani akakuta kituo, kocha na mashindano vikimngoja, hata akaweza kuuguza goti lake bila kupotea njia.

Wala hali hii haikuanza jana. Mwaka 1971 Arthur Ashe, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa wanaume wa Marekani, alikuwa katika ziara ya Afrika pamoja na wachezaji wenzake. Katika mji wa Yaoundé, nchini Kameruni, alipiga mpira na mtoto wa miaka 11 aitwaye Yannick Noah. Baba wa mtoto huyo alikuwa Mkameruni, mchezaji wa kandanda aliyetwaa Kombe la Ufaransa akiwa na timu ya Sedan mwaka 1961, na mama yake alikuwa Mfaransa. Ashe alistaajabu. Alimpa habari Philippe Chatrier, mmoja wa viongozi wa tenisi ya Ufaransa, na baada ya muda mfupi mtoto akatengwa na wazazi wake, akapelekwa Nice kwenye shule ya mafunzo. Tarehe 5 Juni 1983, mjini Paris, Noah alimfunga Mats Wilander wa Sweden 6-2, 7-5, 7-6, akawa Mfaransa wa kwanza kuutwaa ubingwa wa wanaume wa nchi hiyo tangu Marcel Bernard mwaka 1946. Baba yake aliruka uzio kwenda kumkumbatia uwanjani. Hadi kufikia mwaka 2025 Ufaransa ilikuwa haijapata Mfaransa mwingine wa kiume wa kuurudia ushindi huo.

Ashe alitenda wema, na hakuna wa kumlaumu. Angalau mtoto mmoja alionekana. Ila mtu hujiuliza, katika mwaka huo wa 1971, ni watoto wangapi wa Douala, wa Kisangani, wa Tabora au wa Kampala waliokuwa na jicho na mkono kama wa Noah, ambao Ashe hakupita mtaani kwao. Kipaji kinachosubiri kugunduliwa na mgeni apitaye hakina tofauti na mkulima anayesubiri mvua katika nchi yenye mito.

Tenisi katika sehemu hii ya Afrika ililetwa na wakoloni, nao waliiweka ndani ya vilabu vyao, vya Gymkhana na vinginevyo, ambako Mwafrika aliingia kuokota mipira na kufyeka nyasi. Uhuru ulipokuja uzio haukuondoka wote. Mahali pengi ada ya uanachama ilichukua kazi iliyokuwa ikifanywa na rangi ya ngozi. Raketi na mipira huagizwa kutoka nje. Mpira wa tenisi hupoteza uhai wake baada ya saa chache za mchezo mkali, na mtoto anayefanya mazoezi kwa mipira iliyochoka hujifunza mchezo mwingine kabisa. Hata anayevuka vikwazo hivyo hukutana na kingine: hakuna wa kushindana naye karibu. Mwaka 2025 hapakuwa na shindano lolote la daraja kuu la wanawake lililochezwa kusini ya jangwa la Sahara. Kijana wa Kanada au wa Ufaransa aweza kupanda gari moshi hadi kwenye mashindano. Kijana wa Bujumbura au wa Lubumbashi aliye na kipaji kilekile atahitaji ndege, fedha za kigeni na viza, na viza yaweza kutolewa siku moja baada ya raundi ya kwanza kuchezwa.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba Afrika haiwezi kuwainua watoto wake. Wimbledon ileile ya mwaka 2022, wakati Okutoyi na Mboko wakicheza fainali yao, fainali ya wanawake ilichezwa na Ons Jabeur wa Tunisia. Alifungwa na Rybakina, yuleyule ambaye miaka mitatu baadaye Victoria angemtoa Montreal. Lakini hapakuwa na mwanamke Mwafrika aliyepata kufika hapo tangu mwaka 1968. Jabeur alizaliwa Ksar Hellal, akajifunza mchezo katika mji wa pwani wa Sousse, katika viwanja vya mahoteli. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alipelekwa Tunis, katika shule ya sekondari ya michezo ya El Menzah, ambayo ni shule ya serikali. Mwaka 2011 alikuwa bingwa wa wasichana huko Paris, na mwaka 2022 akafikia nafasi ya pili duniani. Tunisia haina utajiri wa madini wa Kongo wala haina watu wengi kama Kenya. Ina shule hiyo, ina viwanja, na ilikuwa na watu walioamua kwamba mtoto wa kike mwenye raketi ni jambo la kugharimiwa.

Gharama yenyewe, ikilinganishwa na mambo mengine ambayo nchi zetu hugharimia, si ya kutisha. Uwanja mmoja wa sakafu ngumu hudumu miaka mingi. Mashindano madogo ya dola elfu thelathini, yakiandaliwa mara tatu au nne kwa mwaka kwa zamu kati ya Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, yangewapa vijana wa eneo hili pointi za kwanza bila kuvuka bahari, na vyama vyao vya tenisi vingekuwa na nafasi za upendeleo za kuwagawia. Nchi zinazoshindwa kukubaliana juu ya ushuru wa mahindi huenda zikaliona jambo hilo kuwa zito. Lakini safari kati ya miji hiyo ni fupi kuliko ile ambayo Victoria aliifanya katika miezi mitatu, kutoka Martinique hadi Guadeloupe, hadi Georgia, hadi Manchester, hadi Porto.

Ama kwa Victoria mwenyewe, ngazi haikukoma Montreal, wala haikuwa laini. Mwishoni mwa mwezi huohuo wa Agosti, katika mashindano ya wazi ya Marekani mjini New York, alitolewa katika raundi ya kwanza na Barbora Krejcikova wa Cheki, 6-3, 6-2. Mashindano yaliyofuata nchini China hayakumwendea vema, na wale waliokuwa wamemwita malkia mwezi Agosti wakaanza kuandika kwamba huenda alibahatisha. Hakuwajibu. Mapema mwezi Novemba, huko Hong Kong, alimfunga Cristina Bucsa wa Uhispania katika fainali ya seti tatu, akapata ubingwa wake wa pili wa daraja kuu. Mwaka alioanza akiwa wa 333 aliumaliza akiwa wa 18, na WTA ikamtangaza kuwa mchezaji mpya bora wa mwaka 2025.